Kwa Nini Miombo Huchipua Kabla ya Mvua: Kuzisoma Dalili za Msimu Mpya Tabora na Kigoma

Mwishoni mwa Septemba, wakati nyasi za Tabora zimekauka au zimekwisha kuungua, visima vifupi vimeshuka na vumbi limetanda juu ya barabara za vijijini, misitu ya miombo hufanya jambo linalomshangaza kila anayeliona kwa mara ya kwanza: hutoa majani mapya. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Aprili au mapema Mei, na mvua ijayo huenda iko mbali kwa mwezi mzima au zaidi, lakini misitu ya Sikonge, Urambo na Kaliua hubadilika rangi ndani ya siku chache, ikawa nyekundu ya shaba, ya waridi na ya kijani kilichopauka. Wazee huutazama mwitu ukichipua, wakaanza kutafuta majembe. Je, miti hiyo imejua nini? Na mkulima anayepaswa kuamua siku ya kuweka mbegu ardhini aiamini kwa kiasi gani?

Katika nchi za baridi, majira ya chipuko huja pale theluji inapoyeyuka na ardhi kupata joto, hivyo joto lenyewe ndilo habari njema. Kwetu sisi tulio kusini kidogo mwa ikweta joto halikosekani. Kinachokosekana kwa karibu nusu mwaka ni maji. Jua huvuka ikweta likielekea kusini tarehe 22 au 23 Septemba, na kwa hesabu ya anga hapo ndipo chipuko huanza katika nusu ya kusini ya dunia, lakini hakuna mtu wa Nzega au Uyui anayepanda mahindi kwa sababu ya tarehe hiyo. Anangoja mvua, na wakati anaingoja huzisoma dalili: majani ya mtundu, maua ya mninga, kurudi kwa mbayuwayu, sauti ya dudumizi, joto la usiku, duara kuuzunguka mwezi, umeme wa mbali upande wa magharibi, na hatimaye kumbikumbi. Dalili hizi zote ni za kweli. Tatizo ni kwamba hazijibu swali moja. Baadhi yake hulifuata jua, na hutokea kila mwaka, mvua iwahi au ichelewe. Nyingine hufuata unyevu ulioko hewani. Na nyingine hufuata maji ambayo tayari yameingia ardhini. Anayezichanganya anaweza kupanda kwa kuliamini jani lililochipua kwa maji ya mwaka jana.

Ni vyema kuanza na mvua yenyewe. Jua linapokuwa utosini, ardhi hupata joto kali, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa nyingine huja kujaza nafasi hiyo kutoka kaskazini na kusini. Mahali pepo hizo zinapokutana hutokea ukanda wa mawingu na ngurumo unaoizunguka dunia karibu na ikweta, nao hulifuata jua katika safari yake ya kila mwaka ya kwenda kaskazini na kurudi kusini, ukibaki nyuma yake kwa wiki kadhaa. Mji wa Tabora uko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na hupata jua la utosi mara mbili kwa mwaka: tarehe 5 au 6 Oktoba, na tena karibu na tarehe 8 Machi. Ndiyo maana Oktoba ni mwezi wa joto kuliko miezi mingine yote ya Tabora, kwani jua liko utosini na mawingu bado hayajaja kulikinga. Machi jua hurudi palepale, lakini hukuta mawingu na ardhi iliyolowa.

Kiangazi chote upepo unaotawala ni kusi, utokao kusini mashariki. Huingia pwani ukiwa na unyevu, lakini ukipanda nyanda za juu huacha huko sehemu kubwa ya maji yake na kutufikia ukiwa mkavu. Kuelekea Oktoba na Novemba kusi hulegea, na kwa upande wa magharibi hewa yenye unyevu kutoka bonde la mto Kongo husogea mashariki na kulivuka Ziwa Tanganyika. Hii ndiyo sababu kubwa inayofanya Kigoma ilowe kabla ya Tabora. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na abiria wa mwishoni mwa Oktoba huweza kuyaona majira mawili katika safari moja: anaondoka Tabora kwenye vumbi, anapita Kaliua chini ya mawingu yanayokusanyika na kutawanyika, na akishaipita Uvinza anaanza kuona nyasi mpya kando ya reli.

Mkoa wa Kigoma nao haufanani wote. Kibondo na Kakonko, upande wa kaskazini, huhesabiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pamoja na maeneo yenye misimu miwili, vuli na masika, ilhali kusini mwa Kigoma na Tabora yote ni maeneo ya msimu mmoja, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndani ya Tabora pia kuna tofauti, kwa kuwa Igunga, iliyo kaskazini mashariki, hupata mvua pungufu kuliko Kaliua na Urambo.

Sasa turudi kwenye majani. Misitu ya miombo hutawaliwa na miti michache ya jamii ya mikunde, hasa mtundu, muyombo na ndugu zao, na kupukutika kwao ndiko mwanzo wa kuchipua kwao. Jani ni mlango wa kutokea maji: mchana kutwa mti hupoteza mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani yake. Mti unapopukutisha majani katika miezi ya mwisho ya kiangazi, milango hiyo hufungwa, huku mizizi ikiendelea kunyonya maji kidogo kidogo kutoka kwenye tabaka za chini, mita kadhaa kwenda chini, ambako unyevu wa msimu uliopita bado upo. Udongo ambao mkulima anaugusa kwa mkono umekauka kabisa, lakini udongo ambao mtundu unaugusa kwa mizizi yake haujakauka. Shina na matawi hujaa maji upya, na joto la Septemba linapopanda baada ya baridi ya Juni na Julai, machipukizi hufunguka.

Nini hasa huipa miti ishara ya kuanza? Katika Ulaya, urefu wa mchana hubadilika kwa saa nyingi kati ya majira ya baridi na ya joto, hivyo miti ya huko ina kalenda iliyo wazi. Tabora, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni zaidi kidogo tu ya nusu saa. Haishangazi basi kwamba wataalamu wengi hulipa uzito zaidi ongezeko la joto, pamoja na kujaa maji kwa shina, ingawa mjadala kuhusu mchango wa kila kimoja haujafungwa.

Faida ya kuwahi inaeleweka vizuri zaidi. Mvua za kwanza zinapolowesha majivu, samadi na majani yaliyorundikana kiangazi chote, vijidudu vya udongo huamka na kuozesha kila kitu kwa kasi, na virutubisho vingi huachiliwa ndani ya wiki chache. Mti uliokwisha kuwa na majani hunyonya na kutumia mara moja. Mti unaoanza kuchipua siku hiyo ungekuwa umechelewa. Vilevile viwavi wengi huanguliwa mvua ikianza, nao hupenda majani laini. Jani lililochipua Septemba huwa limekwisha kukomaa na kuwa gumu wadudu wanapokuja.

Inafaa kulishika jani changa la mtundu na kuliangalia kwa makini. Jani moja lina jozi za vijani, mara nyingi nne, na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa kuliko nyingine. Likiwa changa huning'inia legelege, linang'aa, na ukiliinua juani utaona wekundu wake haukupakwa juu, bali umeenea ndani ya jani lenyewe huku mishipa ikiwa imepauka. Siku chache baadaye wekundu hufifia, jani hujikaza na kuanza kusimama, na kijani huingia. Wekundu huo hutokana na kemikali iitwayo anthosianini, ambayo hulikinga jani dhidi ya jua kali katika siku ambazo mitambo yake ya kutengenezea chakula bado haijakamilika, na inadhaniwa pia kuwapotosha au kuwakatisha tamaa baadhi ya wadudu. Jua la Oktoba Tabora si la kuchezea hata kwa jani.

Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu: mtundu haujui lolote kuhusu mvua ijayo. Unajua kwamba kumepata joto, na unatumia maji ya mvua iliyopita. Mwitu unaochipua kwa wingi hutueleza kwamba ardhi ya chini ina akiba, yaani hutupa habari za nyuma, na hauwezi kutuahidi kwamba Novemba itakuwa njema. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu imani kwamba majani mengi ni mvua nyingi bado ina nguvu vijijini, na nimeona mbegu nzuri zikiozea au kukaukia ardhini kwa ajili yake.

Hata hivyo, wapo watu ambao kwao kuchipua kwa miombo si utabiri wa kitu kingine bali ndio msimu wenyewe, nao ni warina asali. Mtundu na muyombo huchanua pamoja na majani mapya au karibu sana na wakati huo, na maua yake madogo, ambayo mpita njia huenda asiyaone kabisa, hulisha makundi makubwa ya nyuki. Mrina asali wa Sikonge huwa amekwisha kupandisha mizinga yake, ya magogo, ya magome au ya kisasa, kabla rangi haijabadilika. Anachokiogopa wakati huo ni moto. Moto unaowashwa mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, hupita chini na kuzimika. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta kila kitu kikavu, hupanda hadi kwenye matawi, hubabua maua na machipukizi, na huondoka na asali ya mwisho wa mwaka kabla haijatengenezwa.

Dalili nyingine nyingi ziko upande huuhuu wa kalenda. Mninga hutoa maua yake ya manjano yaliyokolea kabla ya mvua, mara nyingi matawi yakiwa bado matupu, na huyapukutisha baada ya muda mfupi. Miembe, ambayo Tabora na Ujiji zimejaliwa nayo tangu enzi za misafara, huchanua katika miezi ya baridi, kwa hiyo wingi wa maembe ya Novemba na Desemba ni habari ya hali ya hewa ya Juni, Julai na Agosti. Nyota pia zimo. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa Tabora sehemu ya kwanza ya usemi huo inalingana na anga kwa usahihi mkubwa: mwezi wa Mei kundi hilo la nyota hupotelea magharibi pamoja na jua, wakati mvua zimekwisha, na katikati ya Novemba huchomoza mashariki mara jua linapotua, wakati mvua zinaanza. Hakuna kalenda iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu asiye na kalenda. Lakini kilimia huchomoza siku ileile katika mwaka wa neema na katika mwaka wa ukame.

Mbayuwayu anastahili nafasi yake. Yule mwenye koo jekundu na mkia uliogawanyika, anayeonekana kwa makundi kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba na Oktoba, ametoka Ulaya na Asia alikokuwa akizaa, na ameondoka huko kwa sababu siku zimeanza kufupika na wadudu kupungua. Kuja kwake kwetu ni habari ya majira ya kupukutika majani huko Ulaya. Ndege huyuhuyu akituaga Machi na Aprili hufika kule wakati wa chipuko, na watu wa huko hufurahi kumwona kama sisi tunavyofurahi kumwona hapa. Kwa upande wa mvua za Kaliua, haleti ujumbe wowote.

Tofauti yake ni korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, anayezaa katika ukanda wa Saheli, kusini mwa jangwa la Sahara, wakati wa mvua za huko, kisha akavuka ikweta na kuufuata ukanda wa mvua kuelekea kusini. Huyu hafuati tarehe peke yake. Hufuata panzi na viwavi wanaotokea pale ardhi inapolowa. Makundi yake yakipita juu ya Tabora, maana yake mara nyingi ni kwamba mvua imekwisha kunyesha mahali fulani si mbali. Dudumizi naye, ndege wa vichakani ambaye sauti yake husikika kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, haendi popote. Yuko nasi mwaka mzima, ila hulia zaidi unyevu unapoongezeka, kwa kuwa msimu wa mvua ndio msimu wake wa kutaga. Wanaosema kwamba dudumizi huita mvua wamegeuza mpangilio, lakini uhusiano waliouona ni wa kweli.

Sauti ya dudumizi inatuingiza katika kundi la pili, la dalili za hewani, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi ingawa halihitaji ujuzi wowote ila kuwa makini. Dalili ya kwanza kabisa ni usiku. Katika Juni na Julai mchana wa Tabora ni wa joto la wastani na usiku una baridi ya kutafuta blanketi, kwa sababu hewa ni kavu na joto la ardhi hupaa moja kwa moja kwenda angani bila kizuizi. Mvuke wa maji ulioko hewani hulizuia joto hilo. Kwa hiyo usiku unapoanza kuwa mzito, watu wakashindwa kulala na shuka likashika jasho, hewa imeanza kubeba maji, hata kama anga halina wingu. Duara linaloonekana kuuzunguka mwezi ni habari ya aina hiyohiyo kutoka juu zaidi: ni mwanga wa mwezi unaopindwa na chembe za barafu zilizomo katika mawingu membamba ya juu sana, nayo huonyesha kwamba unyevu umefika huko.

Kisha kuna mawingu ya mchana. Mwanzoni mwa Oktoba huanza kujitokeza saa sita au saa saba, madogo na yaliyotawanyika, na jioni huyeyuka. Siku baada ya siku huongezeka kimo. Hufika wakati utaona chini ya wingu michirizi ya kijivu inayoshuka lakini haigusi ardhi. Hiyo ni mvua halisi inayokauka njiani kwa sababu hewa ya chini bado ni kavu. Mkulima anayeiona asikate tamaa wala asikimbilie mbegu. Inamwambia kwamba juu kuna maji na chini bado. Usiku, kwa mtu wa Urambo au Kaliua, magharibi humulika umeme usio na ngurumo. Mwanga wa radi huonekana kutoka zaidi ya kilomita 100 kukiwa na giza na anga safi, ilhali mlio wake kwa kawaida hausikiki zaidi ya kilomita 20 hivi, kwa hiyo umeme wa kimya ni mvua inayonyesha kwa watu wengine, pengine Uvinza, pengine ng'ambo ya ziwa.

Kigoma wana dalili ambayo Tabora hawawezi kuwa nayo. Kiangazi chote moshi wa mioto ya misitu na vumbi hutanda juu ya Ziwa Tanganyika, na mtu aliyesimama Ujiji au kwenye vilima vya mjini hutazama magharibi akaona weupe mtupu. Mvua za kwanza huuosha ukungu huo mkavu, na asubuhi moja milima ya Kongo, iliyokuwa imepotea kwa miezi, hujitokeza ng'ambo kwa mistari iliyokatika vizuri, mabonde yake yakionekana. Ziwa lenyewe hubadilika pia. Kusi la kiangazi husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Upepo huo unapokufa, maji hurudi na tabaka za chini huyumba kwa muda mrefu, virutubisho vikapanda karibu na juu na mimea midogo ya majini ikastawi.

Sasa tumefika ardhini. Harufu ya mvua, ile inayowafanya watu watoke nje na kuvuta pumzi, hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo geosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa udongo. Tone linapopiga udongo mkavu hunasa mapovu madogo ya hewa, nayo yakipasuka huirusha harufu hiyo juu. Pua ya binadamu huikamata hata ikiwa kidogo mno, na upepo unaotangulia mvua huweza kuileta kutoka kijiji cha pili. Ukiinusa, mvua imenyesha. Ila si lazima iwe kwenye shamba lako.

Kumbikumbi hawana utata wa namna hiyo. Ndani ya kichuguu, mchwa wenye mbawa hukuzwa mapema na kuwekwa tayari, na mvua inapokaribia wafanyakazi huchimba njia hadi karibu na uso wa kichuguu, wakaacha tabaka jembamba la udongo kama kizibo. Mvua ikilowesha udongo vya kutosha, vizibo hufunguliwa, askari wenye vichwa vikubwa husimama kulinda matundu, na kumbikumbi hutoka kwa maelfu, vichuguu vingi vya eneo moja vikifungua karibu kwa wakati mmoja ili madume na majike ya vichuguu tofauti yakutane, na pia kwa sababu hakuna kunguru, kuku wala mtoto anayeweza kuwala wote. Ukimwokota mmoja aliyetua utaona mbawa nne zinazolingana, kila moja ikiwa na mstari karibu na shina lake, na hapo ndipo zinapokatikia kwa mtikiso mmoja tu. Jike na dume lililomfuata huondoka wakitembea wameongozana, wakitafuta udongo laini wa kuchimba. Wakikuta mgumu, wamekwisha. Uhai wao wote umewekwa rehani juu ya unyevu wa udongo, na ndiyo maana ni mashahidi wazuri.

Sokwe mtu wa Gombe, hifadhi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, wanalijua jambo hili mapema kuliko sisi. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na ilikuwa Novemba mwaka huohuo alipomwona sokwe mmoja akichomeka bua la nyasi ndani ya kichuguu na kulivuta likiwa limeng'atwa na mchwa, tukio lililobadilisha mawazo ya wanasayansi kuhusu matumizi ya zana kwa wanyama. Mwezi huo haukuwa wa bahati nasibu. Kilele cha uvuvi wa mchwa Gombe ni mwanzo wa mvua, kwa kuwa ndipo njia za mchwa zinapokaribia uso wa kichuguu na sokwe huweza kukwangua kizibo kwa kidole.

Pamoja na uaminifu wao, kumbikumbi hushuhudia mvua moja tu, ile iliyokwisha kunyesha. Mvua kubwa ya siku moja mwanzoni mwa Novemba inaweza kuwatoa wote, kisha jua likawaka wiki mbili au tatu bila tone. Mahindi yaliyopandwa siku ile huota kwa unyevu wa juu, mizizi yake mifupi ikaishiwa, na miche ikanyauka ikiwa na majani mawili au matatu. Huu ndio mwanzo wa uongo, na ndilo tatizo halisi linalojificha nyuma ya swali la dalili. Wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo, ili kuukwepa, hutumia mara nyingi kipimo hiki: msimu umeanza pale zinapopatikana milimita 20 au zaidi ndani ya siku moja hadi tatu, bila kufuatiwa na ukame wa siku kumi au zaidi ndani ya mwezi unaofuata. Milimita 20 ni lita 20 za maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na mdomo ulio sawa na kitako chake, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, na kusomwa kwa rula kila asubuhi, humpa mkulima kipimo kinachomtosha. Zaidi ya hapo lipo jembe: chimba na uone unyevu umefika wapi. Ukiwa umeshuka shibiri moja, mbegu ina pa kuanzia. Kwenye udongo wa kichanga unyevu hushuka haraka na kupotea haraka. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, huhitaji mvua nyingi zaidi kabla mmea haujafaidi, lakini ukishaingia hukaa.

Sehemu ya pili ya kipimo hicho, ile ya mwezi unaofuata, hakuna kopo wala mdudu awezaye kuisema. Hapo ndipo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapoingia, kwa sababu huangalia vitu ambavyo havionekani kutoka shambani, kama vile joto la uso wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki na mwenendo wa pepo kubwa. Utabiri wa msimu hutolewa kama uwezekano, wa mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, na ule wa siku kumi huwa karibu zaidi na uamuzi wa kupanda. Tangazo la El Niño, yaani kupata joto kupita kawaida kwa Bahari ya Pasifiki, ambalo kila likitolewa huzua hofu nchi nzima, lina uhusiano wa nguvu zaidi na vuli za kaskazini na pwani kuliko na mvua za magharibi, kwa hiyo mkulima wa Urambo asikilize linalosemwa kuhusu mkoa wake kabla ya kubadili mipango.

Wala kungoja kupita kiasi si salama. Virutubisho vile vinavyoachiliwa na mvua za kwanza huwanufaisha waliowahi, magugu hayangoji, na mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Desemba huweza kukatwa na mwisho wa mvua kabla hayajajaza punje. Wengi wenye busara hugawa shamba, wakapanda sehemu kwenye mvua ya kwanza ya kuaminika na sehemu kwenye ya pili. Mkulima wa tumbaku hana hata nafasi hiyo, kwa kuwa miche yake lazima ianze kukua kwenye vitalu kando ya maji karibu miezi miwili kabla ya kuhamishiwa shambani. Yeye hulazimika kuitumia kalenda, na kwake kuchipua kwa mtundu na maua ya mninga vina kazi halali. Hivyo ndivyo ninavyoona kila kundi la dalili lipewe kazi yake: zinazofuata jua zitumike kwa maandalizi, yaani vitalu, kulima, kurekebisha mapaa na kutafuta mbegu, zinazofuata hewa zitumike kuwaweka watu na ng'ombe wa kulimia tayari, na uamuzi wa kupanda uachiwe ardhi, pamoja na utabiri wa siku kumi.

Upo wasiwasi mmoja mkubwa. Joto la nchi limekuwa likipanda, na dalili zinazofuata joto zinaweza kusogea mapema bila mvua kusogea nazo, hivyo pengo kati ya jani na tone likawa pana kuliko lile ambalo wazee walilizoea. Wakati huohuo mitundu inakatwa kwa ajili ya mashamba mapya, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Panapokatwa msitu hupotea kuni, maua ya nyuki na uyoga wa Desemba, na hupotea pia kalenda ya kijiji. Mtoto anayekulia mahali pasipo na mtundu hata mmoja hawezi kufundishwa kuitofautisha dalili ya jua na dalili ya mvua.

Mkulima akishapanda, zipo dalili ambazo zingali na kazi, na moja haifai kupuuzwa. Ngurumo za kwanza baada ya kiangazi kirefu huwakusanya nondo wa viwavijeshi, ambao husafirishwa na upepo usiku na kutaga kwenye nyasi na nafaka changa. Kundi kubwa la korongo weusi likitua shambani na kuanza kudonoa kwa bidii, mwenye shamba aingie siku hiyohiyo, ayageuze majani, na akikuta viwavi wadogo wa kijani au weusi wakiwa wengi, amjulishe afisa ugani mapema, kwa sababu viwavi hao wakishakomaa huhama kwa makundi kutoka shamba hadi shamba, na mahindi ya wiki tatu huweza kuliwa yote ndani ya siku chache.